Mkia Juu: Hesabu ya Kunyanyua Nyuma ya Gari la Misuli

Mwaka 1970 kampuni ya American Motors ya Marekani ilileta sokoni gari lililoitwa The Machine, toleo kali la Rebel, lenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 390 na nguvu za farasi 340. Yale ya mwanzo yalipakwa rangi nyeupe yenye michirizi ya buluu na nyekundu, lakini si rangi pekee iliyowafanya watu wageuze shingo. Gari lilikaa pua chini, mkia juu, tangu siku lilipotoka kiwandani. Hapakuwa na ufundi mpya hapo. Wahandisi walichukua springi ngumu za Rebel ya familia, ile yenye sehemu ndefu ya mizigo nyuma, wakazifunga chini ya gari la kukimbizana. Springi iliyotengenezwa kubeba mzigo, usipoipa mzigo, itaisukuma bodi juu. Basi.

Kwa maneno mengine, kiwanda kiliiga mtaa. Vijana wa Detroit, Los Angeles na miji midogo isiyohesabika walikuwa wameshaanza kunyanyua nyuma za Chevelle, Mustang na Road Runner zao kwa njia za kila aina, nyingine za maana na nyingine za hatari. Zaidi ya miaka hamsini baadaye wenye magari hayo bado wanauliza swali lilelile: nitaipandishaje nyuma? Kwa maoni yangu swali hilo linaulizwa kabla ya wakati wake. La kwanza ni kama nyuma imeshuka au haikushuka, maana sehemu kubwa ya magari yanayodhaniwa yanahitaji kunyanyuliwa yanahitaji tu kurudishwa pale yalipokuwa. Kinachozidi hapo ni mapenzi ya macho. Mapenzi si kosa, ila yana bei, na bei hiyo hulipwa kwenye usukani.

Mtindo wenyewe una mizizi zaidi ya mmoja. Katika milima ya Carolina Kaskazini wasafirishaji wa pombe haramu walikuwa wakifunga springi za ziada nyuma ya magari yaliyoonekana ya kawaida. Galoni 100 za pombe kali zina uzito wa kilo 350 hivi, na gari lililozibeba halikupaswa kuonekana limelemewa mbele ya maofisa wa kodi. Likiwa na shehena lilikaa sawa kabisa. Likiwa tupu mkia ulisimama, na ofisa mjanja alijua hapo kwamba mzigo umeshafika. Dereva maarufu kuliko wote waliotoka katika biashara hiyo, Junior Johnson, alifungwa kwa kesi ya mwaka 1956, akaja kuwa mshindi wa mbio nyingi za NASCAR, na mwaka 1986 Rais Ronald Reagan akampa msamaha.

Mzizi wa pili ni mbio za robo maili, ambako magari mawili husimama sambamba na kuondoka taa ikiwaka. Cha kushangaza, huko mtindo ulianza kinyume. Magari ya daraja la petroli ya miaka ya 1950 na 1960 yalinyanyuliwa pua, kwa imani kwamba uzito utakimbilia nyuma na kuyakandamiza matairi yanayosukuma. Kadiri matairi yalivyoboreka pua zikashuka. Matairi ya nyuma yakazidi kuwa mapana na marefu, na nafasi chini ya madigadi ikabaki ileile. Kijana mwenye mshahara wa kituo cha mafuta hakuwa na fedha za kukata bodi na kufupisha ekseli. Alinyanyua.

Ndipo bei zilipoanguka. Bima za vijana zilipanda, sheria za moshi zikabana injini, na mwaka 1973 ukaja uhaba wa mafuta. Gari lililokuwa ndoto mwaka 1969 liliuzwa kwa bei ya kutupa mwaka 1975, likaangukia mikononi mwa wanafunzi wa sekondari. Picha inayotujia tunapowaza gari la misuli lenye mkia juu, rimu za kromu na herufi nyeupe ubavuni mwa tairi, imetoka zaidi katika miaka hiyo kuliko katika miaka ya kiwandani. Leo wapo wakusanyaji wanaorejesha gari katika hali ya “siku ya pili”, yaani jinsi lilivyoonekana baada ya mwenyewe kulitoa dukani na kulichezea. Kwao mkia juu ni sehemu ya historia, na siwabishii.

Ninaowabishia ni wale wanaodai kwamba kunyanyua nyuma kunaongeza mshiko. Tufanye hesabu. Mustang za 1965 hadi 1970 zina inchi 108 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chukua gari la kilo 1,500, linyanyue nyuma inchi mbili. Bodi nzima inainama mbele kwa nyuzi moja hivi. Uzito unaohamia mbele likiwa limesimama ni kilo chache, chini ya tano. Ukiondoka kwa kasi, kitovu cha uzito kilichopanda karibu inchi moja kinarudisha nyuma kilo kama sita zaidi ya zilizokuwa zikihamia awali. Chukua na toa, hakuna kitu. Debe moja la maji ndani ya buti lina kilo 20 na lingekusaidia zaidi.

Kinachobadilika kweli ni pembe za vyuma vinavyoishika ekseli. Kwenye Chevelle, GTO na ndugu zao wa General Motors, ekseli inashikwa na mikono minne na kubebwa na springi za koili. Ukinyanyua bodi, ncha za mbele za mikono ya chini zinapanda, na namna ekseli inavyosukuma bodi wakati wa kuondoka inabadilika. Kwa kiasi kidogo gari linaweza kung'ata lami vizuri zaidi. Ukizidisha, ekseli inaanza kurukaruka, na hapo ndipo bushi na mabano huumia. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba gari lake liliondoka vizuri zaidi baada ya kunyanyuliwa, huenda anasema kweli. Sababu anayoitoa ndiyo si sahihi.

Hoja ya nafasi ya tairi nayo ni nusu kweli. Gari likisimama, tairi pana linaonekana limepata pumzi. Panda na watu wawili nyuma, pita kwenye shimo, na ekseli itapanda mpaka palepale ilipokuwa ikipanda zamani. Umbali wa kutoka ubavu wa tairi hadi mdomo wa madigadi haukuongezeka hata milimita moja. Umeahirisha tu mgusano. Dawa yake ni rimu yenye kina sahihi, kukunja mdomo wa ndani wa madigadi, au kufupisha ekseli kwa mwenye uwezo. Na tairi refu lenyewe linanyanyua gari kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka, huku likiidanganya spidomita: kutoka inchi 26 hadi 28, mshale ukisoma 100 wewe uko karibu 108.

Sasa usukani. Tairi la mbele hugeukia kwenye mhimili ulioegemea nyuma kidogo, na mwegemeo huo, ambao mafundi wa kupima magurudumu huuita kasta, ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati ukiuachia baada ya kona. Nyuzi moja tuliyoinamisha bodi inatoka moja kwa moja kwenye mwegemeo huo. Kwa gari la leo lenye nyuzi tano au sita za akiba hutahisi kitu. Magari ya miaka ya 1960 mengi yalipangiwa mwegemeo mdogo sana, mengine karibu na sifuri, ili usukani usio na msaada wa haidroli uwe mwepesi wakati wa kuegesha. Ukiyanyang'anya hiyo nyuzi moja, gari linaanza kutangatanga barabarani, dereva anarekebisha kushoto, kulia, kushoto, na anaishia kulaumu boksi la usukani.

Nyuma nako kuna kisa chake. Mkono au springi inayoshika ekseli ikiwa ncha yake ya mbele iko juu kuliko ekseli yenyewe, basi kwenye kona bodi inapolala, gurudumu la nje linasukumwa nyuma kidogo na la ndani linavutwa mbele. Ekseli nzima inajigeuza na kuusukuma mkia nje. Kila inchi unayoongeza inazidisha tabia hiyo. Kwenye lami kavu ni mchezo. Kwenye mvua, na nguvu za farasi mia tatu na ushee chini ya mguu, si mchezo.

Kuna njia kadhaa za kunyanyua, na hazilingani hata kidogo.

Iliyovuma kuliko zote ni shokapu za hewa. Kampuni ya Gabriel iliziuza kwa jina la Hijackers, na jina likawa la wote. Unafunga shokapu yenye mfuko wa mpira, unapitisha kijimpira cha hewa hadi karibu na bampa, unajaza upepo kituo cha mafuta, na gari linapanda mbele ya macho yako. Ni rahisi, na ndiyo maana ilipendwa. Lakini shokapu ni kifaa cha kutuliza mtikisiko, na pale ilipofungwa hapakutengenezwa pabebe gari. Kwenye Mustang ncha ya juu inashikilia bati la sakafu ya nyuma. Ukihamishia hapo sehemu ya uzito wa gari kwa miaka, bati linapasuka kuzunguka tundu la bolti, na kutu inamalizia.

Kasoro nyingine ya shokapu hizi wengi hawaijui, nayo iko kwenye ule mpira wa hewa. Seti nyingi zilifungwa kwa kiungo cha njia tatu: valvu moja inayojaza pande zote mbili. Gari likiingia kona na kulalia upande wa kulia, hewa ya kulia inabanwa. Inakimbilia wapi? Kushoto. Upande unaohitaji msaada unanyimwa, usiouhitaji unapewa, na gari linalala zaidi kuliko ambavyo ungetegemea kutoka kwenye springi ngumu kiasi hicho. Dawa ni kufunga mipira miwili yenye valvu mbili. Ni bei ya valvu moja ya ziada. Kama una gari la “siku ya pili” na unataka shokapu hizo zibaki kwa ajili ya historia, acha springi mpya zibebe uzito na hewa iwe ya kurekebisha tu.

Njia ya pili ni ya bei poa kabisa, na inawahusu wenye springi za majani: Mustang, Camaro, Nova, na karibu ukoo wote wa Dodge na Plymouth. Ncha ya nyuma ya springi huning'inizwa kwa vipande viwili vya chuma, shakeli, vinavyoiacha springi ijinyooshe inapobanwa. Badilisha shakeli, weka ndefu, na mkia unapanda. Kanuni ya mafundi ni nusu: shakeli ikirefuka inchi mbili, gari linapanda inchi moja, kwa kuwa umenyanyua ncha moja tu ya springi. Wengi hawakuijua kanuni hiyo, au waliijua wakaamua kuidai inchi yao kwa nguvu, ndipo zikaonekana shakeli ndefu kama mkono wa mtoto. Shakeli ya namna hiyo inayumba kushoto na kulia. Mkia unacheza hata kwenye barabara iliyonyooka.

Isitoshe, springi inapoinama, ekseli iliyofungwa juu yake inageuka nayo na pua ya difu inatazama juu. Krosi za propela shafti hazipendi hilo. Zinataka pembe ya mbele na ya nyuma zilingane ili mtikisiko wa moja uzimwe na wa nyingine. Zisipolingana unasikia mvumo chini ya sakafu unaokuja kwenye mwendo fulani na kuondoka, na mwenye gari anabadilisha tairi, anabalansi rimu, anabadilisha tena, na mvumo uko palepale. Kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na kikalio cha ekseli inaumaliza.

Hapa niwaonye wasomaji waliozoea Hilux na pikapu za mashambani kwetu. Kwenye pikapu nyingi zinazovuta kwa magurudumu yote manne springi iko juu ya ekseli, na fundi akitaka kuinyanyua anachomeka kipande cha chuma katikati, gari linapanda. Kwenye Mustang na wenzake springi iko chini ya ekseli. Chomeka kipande kilekile mahali palepale na gari litashuka. Duka la vipuri Marekani linaviuza vipande hivyo kwa ajili ya kushusha. Fundi hodari wa Toyota anaweza kupoteza nusu siku hapo akijiuliza amekosea wapi.

Wenye springi za koili wana njia fupi. Vipande vya kuchomeka katikati ya mizunguko ya koili viepuke. Vinaibana springi mahali pamoja na huchomoka. Mfuko wa hewa unaoingia ndani ya koili, kazi ambayo kampuni ya Air Lift ya Michigan imekuwa ikiifanya tangu 1949, ni bora kwa mwenye kubeba mizigo mara kwa mara. Na kuna ujanja wa American Motors: springi za gari la familia la ukoo uleule. Gari linapanda, linakuwa gumu, na kila kitu kimekaa mahali pake.

Kwa springi za majani jibu la kiungwana ni seti mpya iliyokunjwa inchi moja zaidi ya kipimo cha kiwanda, au ya zamani iliyopelekwa kwa mhunzi wa springi ikakunjwa upya na kuongezwa jani. Ya kukunjwa upya ina tabia ya kulala tena baada ya muda. Seti mpya haiumizi mfuko mara mbili. Inchi moja inatosha kwa jicho. Mbili zinavumilika kwa mwenye kukubali kurekebisha mengine. Zaidi ya hapo ni utundu.

Kabla ya kununua chochote, pima. Usipime kutoka chini hadi madigadi, maana tairi na upepo wake vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi mdomo wa madigadi, pande zote mbili, gari likiwa kwenye sakafu tambarare na limeshasukumwa juu na chini mara kadhaa litulie. Linganisha na kitabu cha kiwanda. Springi ya majani iliyochoka huonekana kwa macho: imenyooka kama rula au imekunjika kuelekea chini. Na ukikuta Dodge au Plymouth upande wa kulia wa nyuma uko juu kidogo, usiharakishe kulaumu. Chrysler iliuza springi za Super Stock ambazo ya kulia ilikuwa ngumu zaidi kwa makusudi, kwa sababu msokoto wa injini wakati wa kuondoka hulinyanyua gurudumu hilo.

Ukoo huohuo wa Chrysler una bahati nyingine. Tangu 1957 magari yake yalibebwa mbele na vyuma virefu vya msokoto badala ya koili, na kila kimoja kina bolti ya kurekebisha urefu. Zungusha kidogo, pua inashuka, na mkia umeonekana kupanda bila kuguswa. Usishushe sana tu, maana mpira wa kizuizi uko karibu na bodi itaanza kugonga.

Mkao wa kinyume nao umepata majaribu yake siku hizi. Vijana wa majimbo ya Carolina wamekuwa wakinyanyua pua za pikapu na kushusha mikia mpaka dereva haoni kilicho mbele ya boneti. Tangu Desemba 2021 Carolina Kaskazini inakataza madigadi ya mbele kuwa juu ya yale ya nyuma kwa inchi nne au zaidi. Jimbo lilelile la springi za pombe.

Springi mpya zikishaingia, kosa linalofanyika karibu kila gereji ni la bolti. Gari liko juu ya jeki, ekseli inaning'inia, na fundi anakaza bolti za macho ya springi mpaka mwisho. Mpira ndani ya bushi umeshikwa ukiwa katika pembe ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira unasokoteka na kugoma, mkia unabaki juu kwa inchi isiyo yake, na mwenye gari anarudi dukani kulalamika kwamba springi ni ndefu. Baada ya muda mpira unachanika na gari linashuka lenyewe. Bolti hizo hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake.

Yanayobaki ni ukaguzi. Mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli usivutwe ekseli ikining'inia. Shokapu isiwe fupi kiasi cha kuwa ndiyo inayozuia ekseli kushuka. Ekzosi isiguse pale inapopita juu ya ekseli. Kisha mpima magurudumu airudishe ile nyuzi ya kasta, kama marekebisho ya gari yanamruhusu. Mwisho taa: kwa nyuzi moja ya kuinama, mwanga ukutani umbali wa mita saba na nusu unashuka sentimita 13 hivi, na usiku barabarani inamaanisha unaona lami iliyo karibu na bampa badala ya ng'ombe aliye mbele. Kila taa ina skrubu mbili, ya juu kwa kupandisha na kushusha, ya pembeni kwa kushoto na kulia. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.